UZI: Nilitia saini mkataba wa franchaizi kwenye simu, kila mtu na nakala yake. Someni kabla hamjatuma ukurasa wa saini

Mama Jiko Kasarani

Wenzangu, hamjambo. Jambo hili limenikaa rohoni tangu Machi mwaka jana. Sasa limekwisha bila kufika kortini, kwa hiyo naweza kulisema. Naandika kirefu kwa sababu najua wengi hapa mna akiba ya SACCO au ya kiinua mgongo, mnatafuta biashara yenye jina tayari, na siku hizi mkataba hauletwi mezani. Unaletwa kwenye simu.

Kwa asiyejua, franchaizi ni kuchukua jina la mtu, mapishi yake, rangi zake na namna yake ya kufanya kazi, ukafungua duka kwa pesa zako, kisha ukamlipa ada ya kuingia na mrabaha kila mwezi. Mimi nilichukua jina la kuku wa kukaanga. Mwenye jina yuko nje ya nchi, na kampuni moja ya hapa Nairobi ndiyo iliyopewa haki ya kuligawa jina hilo Kenya. Sitaitaja, naomba msiniulize inboksi.

Wa kutia saini tulikuwa wanne: mwenye jina, kampuni ya hapa, mimi, na kaka yangu aliyeko Doha kama mdhamini. Hakuna siku tungekutana sote meza moja. Ndiyo maana karibu na mwisho wa mkataba palikuwa na kifungu ambacho mtu hukipita haraka kwa kuwa macho yameshachoka: kwamba mkataba unaweza kutiwa saini katika nakala kadhaa, kila mhusika na yake, na nakala zote zikiwekwa pamoja zihesabiwe kuwa hati moja, na kwamba saini ya kielektroniki ina nguvu sawa na ya wino. Kifungu hicho sikilaumu. Watu walio nchi tatu wangefanyaje biashara bila hicho? Nalaumu jinsi sisi tulivyokitumia.

Rasimu zilianza kuja Novemba. Mimi nilibishania eneo kuliko kitu kingine chochote, maana kuku wa jina moja wakiuzwa pande zote mbili za barabara, wote wawili mnakufa njaa. Rasimu ya nne ikaniridhisha. Kifungu cha 6 kilisema wazi kwamba hakuna duka lingine la jina hilo litakalofunguliwa ndani ya kilomita 3 kutoka mlangoni kwangu. Nikamtumia kaka. Kaka ni mtu wa zamu, alikuwa ametoka kazini usiku. Akaprinti ukurasa wa mwisho tu, akautia saini kwa kalamu, akaupiga picha na kuutuma kwa WhatsApp. Ukurasa mmoja. Haukuwa na jina la mkataba, wala nambari ya rasimu, wala nambari ya ukurasa. Ulikuwa na mistari ya saini na tarehe, 28 Novemba. Nami nikaupeleka kwa kampuni.

Wiki mbili baadaye nikaambiwa wakili wa mwenye jina amesahihisha "vitu vidogo vya lugha" na kwamba mkataba wa mwisho utakuja kupitia mtandao wa kutilia saini. Kiungo kilinifikia saa mbili na dakika kumi usiku, niko kwenye matatu Thika Road, foleni ya Roysambu imesimama. Nilipofungua, alama za njano zilinivuta moja kwa moja hadi penye nafasi ya saini. Nikabonyeza, nikapelekwa inayofuata, nikabonyeza tena. Dakika nne nikawa nimemaliza kurasa 41. Asubuhi nikalipa ada ya kuingia.

Ambacho sikukiona ndani ya zile dakika nne ni kwamba kifungu cha 6 hakikuwa tena na kilomita. Kilisema eneo ni "kama lilivyoelezwa katika Jedwali la 3". Na Jedwali la 3 halikuwemo kwenye faili.

Nakala niliyobaki nayo ilikuwa na saini yangu peke yake. Nikaulizia iliyokamilika, nikaambiwa ya mwenye jina iko njiani. Nikaulizia tena Januari nikiwa tayari nimeajiri vijana sita na mafuta yako jikoni, jibu likawa lile lile. Nikaacha kuuliza.

Machi nikaona rangi zetu zinapakwa kwenye ukuta wa jengo moja upande wa Mwiki. Nilipima kwa simu: kilomita 1.4. Nikabeba rasimu yangu ya nne hadi ofisini kwao, nikatolewa mkataba "uliokamilika". Ulikuwa na kurasa 43. Jedwali la 3 lilikuwemo sasa, kurasa mbili, moja maneno na moja ramani, na eneo langu lilikuwa kilomita 1. Saini ya mwenye jina ipo. Ya kampuni ipo. Yangu ipo. Na nyuma kabisa, ukurasa wa kaka, ule ule wa WhatsApp, na kivuli cha kidole chake pembeni.

Kaka aliuona mkataba wa kilomita 3. Mimi nilitia saini mkataba usio na kilomita. Mwenye jina alitia saini mkataba wa kilomita 1. Lakini zote zimeshonwa pamoja na kuitwa hati moja.

Nitasema ilivyoisha. Kwanza nataka kusikia waliopitia haya, na kama kuna wakili humu anisahihishe nilipokosea.

Kinyozi wa Umoja

Pole sana Mama Jiko. Mimi niko mbioni kuchukua jina la saluni na nimeambiwa nitatia saini kwa simu. Swali langu ni moja: hiyo saini ya kidole kwenye skrini ina nguvu kweli mbele ya hakimu wa Milimani, au ni ya kupoza tu mpaka ile ya kalamu ije?

Wakili Upper Hill

Mama Jiko, pole, na asante kwa kueleza na sehemu yako ya kosa, maana ndiyo inayofundisha wengine.

Kinyozi, saini ya kielektroniki ina nguvu Kenya. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 iliongezewa sehemu nzima ya miamala ya kielektroniki kwa marekebisho ya 2009. Kifungu cha 83J kinaruhusu pendekezo na kukubali kufanywa kwa ujumbe wa kielektroniki, na mkataba haubatilishwi kwa sababu tu ulifungwa hivyo. Na Kenya haina sheria maalumu ya franchaizi. Mkataba wako unasimama juu ya sheria ya kawaida ya mikataba, pamoja na Sheria ya Nembo za Biashara na ile ya Ushindani. Kwa hiyo makubaliano yenyewe ya kuchukua jina hayadai wino.

Lakini mikataba hii haiji peke yake, huja na watoto wake. Mtoto wa kwanza ni dhamana, ile ya kaka wa Doha. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, kifungu cha 3, inasema mtu hawezi kushtakiwa kwa ahadi ya kulipa deni la mwingine isipokuwa ahadi hiyo iko kwa maandishi na ameitia saini. Hapo sheria yenyewe ndiyo inayodai saini, na sheria ikidai saini, kifungu cha 83O cha ile Sheria ya Habari na Mawasiliano kinataka saini ya kielektroniki ya hali ya juu, si jina lililochapwa chini ya baruapepe. Mtoto wa pili ni mkataba wa upangaji wa duka, unaogusa ardhi: unataka saini na shahidi, na ukizidi miaka miwili unataka kusajiliwa. Huo usiutie kwenye furushi moja na mkataba wa jina. Sheria ya kurekebisha sheria za biashara ya 2020 ilifungua mlango wa saini ya hali ya juu hata kwenye mambo ya ardhi, lakini uliza wakili wako kwanza kama mwenye nyumba na benki yake wataikubali.

Hali ya juu maana yake nini? Sheria inatazama mambo manne. Saini iwe ya mtu huyo pekee, iweze kumtambulisha, iwe imetengenezwa kwa njia iliyo chini ya mamlaka yake peke yake, na iwe imefungamana na hati kiasi kwamba hati ikibadilishwa baadaye itajulikana. Hilo la nne lisomeni mara mbili. Picha ya saini iliyobandikwa kwenye karatasi haina jambo hilo. Ukurasa wa WhatsApp wa kaka yako haukuwa nalo.

Sasa tuje kwenye nakala za kila mtu na yake. Zinakubalika na zimekubalika tangu zamani. Sharti lake moja ni kwamba nakala zote ziwe za maneno yale yale. Watu husema "hati moja katika nakala nne", lakini zikitofautiana hata jedwali moja, una hati nne na hakuna mkataba ambao wote wamekubali. Uingereza jambo hili lilifika Mahakama Kuu mwaka 2008, katika mvutano wa kampuni ya Mercury Tax Group na idara ya ushuru. Wateja walikuwa wametia saini rasimu ambazo hazijakamilika, kisha kurasa za saini zikatolewa na kuunganishwa na hati za mwisho zilizobadilika. Jaji alikataa kwamba ukurasa wa saini unaweza kuhamishwa hivyo kutoka karatasi moja hadi nyingine. Hukumu ya London haimfungi jaji wa Milimani, ila huwa anaisikiliza. Mwaka uliofuata mawakili wa huko walitoa mwongozo ambao mimi nautumia kila siku hapa: mtu anayetia saini mbali na wengine arudishe kwa baruapepe moja faili zima la mkataba wa mwisho pamoja na ukurasa wake wa saini. Vitu viwili, ujumbe mmoja. Hapo hakuna wa kusema ukurasa ulikuwa wa rasimu nyingine.

La mwisho kwa sasa. Kampuni inapotia saini, tazama ni nani ametia. Sheria ya Kampuni ya 2015 inataka watu wawili walioidhinishwa, au mkurugenzi mmoja mbele ya shahidi. Chukua CR12, ile orodha rasmi ya wakurugenzi na wenye hisa, kwenye eCitizen ulinganishe majina. Nimewahi kuona mkataba wa miaka kumi uliotiwa saini na meneja wa mauzo.

Mzee wa Rongai

Wengine mtadhani ni mambo ya simu. Mimi nilitia saini kwa kalamu, ofisini kwao, kwenye karatasi nzuri, mwaka 2016. Nakala mbili. Zote mbili zikabaki pale "zipelekwe kwa mkurugenzi". Nilikuja kuiona yangu miezi kumi na moja baadaye, na nilikuwa nimeshaanza kulipa mrabaha kwa kiwango ambacho mimi nakumbuka ni kingine. Sikuwa na karatasi ya kubishia. Nililipa.

Kwa hiyo mama, hata ungekataa simu ukadai karatasi, ungeumia vile vile kama hukutoka na yako mkononi.

Hesabu Kamili

Mimi ni mhasibu, nafanyia wachukua majina kadhaa hapa mjini. Nitagusa upande wangu.

Mkataba ukishatiwa saini, kuna siku 30 za kulipia ushuru wa stempu. Watu hudhani mkataba wa PDF hauna stempu kwa sababu hauna karatasi. Unayo. Na hati isiyo na stempu haipokelewi kama ushahidi kwenye kesi ya madai mpaka ulipe ushuru na faini yake. Sasa jiulize: siku 30 kutoka lini, kama wanne mmetia saini siku nne tofauti na mmoja wenu hajarudisha? Ndiyo maana nawaambia wateja mkataba uandikwe tarehe moja ya kuanza kazi, na isemwe kwamba ni siku ambayo wa mwisho ametia saini na wahusika wote wamepeana nakala. Tarehe hiyo ndiyo itakayoamua mrabaha wa mwezi wa kwanza pia.

Jambo jingine ni kodi ya zuio kwenye mrabaha. Ukimlipa mwenye jina mkazi wa Kenya unakata asilimia 5, asiye mkazi asilimia 20, unapeleka KRA, mamlaka ya ushuru. Nani mhusika wa mkataba, yule wa nje au kampuni ya hapa? Kama nakala yako ina saini yako peke yake, hata hilo huwezi kulijibu kwa uhakika, na anayedaiwa tofauti ni wewe uliyelipa bila kukata.

Na kabla ya yote hayo pitieni ofisi za KIPI, taasisi inayosajili nembo, South C, mhakikishe jina mnalouziwa limesajiliwa Kenya. Usajili wa nembo wa nchi nyingine hauvuki mpaka wenyewe.

Biashara Eastleigh

Naongeza kisa kifupi. Duka letu la vipodozi ni la mjomba. Mkataba wa jina ulipokuja, mjomba alikuwa Garissa msibani. Karani akafungua baruapepe ya mjomba kwenye kompyuta ya duka, nambari ya siri ya kuthibitisha ikaja kwenye simu ya duka, karani akatia saini kwa jina la mjomba ili kazi isikwame. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mwaka wa pili tulipotaka kujitoa, mjomba akasema kweli yake, kwamba hakutia saini. Na wao wakasema kweli yao, kwamba kumbukumbu zinaonyesha ni yeye. Tulitumia miezi mitano na pesa nyingi kuliko ada ya kujitoa yenyewe.

Wakili, hilo la "chini ya mamlaka yake peke yake" ningelijua mapema.

Wakili Upper Hill

Biashara Eastleigh, kisa chako nakisikia kila mwezi, kwa sura tofauti. Mjomba angetoa barua ya kumpa karani mamlaka, karani akatia saini kwa jina lake mwenyewe kwa niaba ya mjomba, mambo yangekuwa safi. Kuazimana saini hakuna.

Texas254

Salamu kutoka Dallas. Nina duka moja la sandwichi hapa, la franchaizi, mwaka wa saba sasa. Nawaeleza ya huku mjue tofauti, kwa sababu wauzaji wa majina wakija Nairobi hupenda kusema "tunafuata utaratibu wa Marekani".

Huku tume ya serikali kuu ya biashara, FTC, ina kanuni ya franchaizi tangu 1979. Iliandikwa upya 2007 na kuwa lazima kwa wote kuanzia Julai 1, 2008. Mwenye jina lazima akupe hati ya ufichuzi yenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla hujatia saini au kulipa senti moja. Kipengele cha 23 ni stakabadhi: ziko mbili, moja unabaki nayo, moja unairudisha ikiwa na tarehe, ili ijulikane ulipokea lini. Stakabadhi hiyo na hati yenyewe vinaweza kwenda kwa mtandao, na saini ya kielektroniki inatosha. Sheria ya saini za kielektroniki ya serikali kuu ni ya mwaka 2000.

Sasa sikiliza hili, Mama Jiko, kwa sababu ni kisa chako hasa. Mwenye jina akibadilisha masharti ya mkataba kwa hiari yake, badiliko la maana, lazima akupe mkataba uliojazwa kila nafasi na ukae nao siku 7 kabla ya kutia saini. Kama badiliko umeliomba wewe kwenye mazungumzo, siku hizo hazihesabiwi. Kuondoa kilomita kwenye kifungu na kuzipeleka kwenye jedwali ambalo halipo, huku kungewaletea shida kubwa.

Lakini kanuni hiyo ni ya maduka yaliyoko Marekani na maeneo yake. Duka la Kasarani haliguswi nayo hata kama mwenye jina yuko Chicago. Mkitaka siku 14, ziandikeni kwenye mkataba au kwenye barua ya awali kabla hamjaweka amana.

Na msisahau saa. Niliwahi kumdhamini binamu yangu wa Ngong Road. Nilitia saini jioni ya tarehe 31, kwenu tayari ilikuwa tarehe 1 asubuhi. Mwezi ukawa mwingine, na malipo ya kwanza yakabishaniwa kwa sababu hiyo tu. Andikeni "kwa saa za Nairobi".

Mlipa Mrabaha

Naongeza la Afrika Kusini, kwa kuwa majina mengi ya vyakula hapa yanatoka huko. Sheria yao ya kumlinda mtumiaji, ya 2008, inampa mchukua jina siku 10 za kazi baada ya kutia saini kuvunja mkataba kwa notisi ya maandishi bila faini. Mwenye jina wangu alikuwa Johannesburg. Nilipouliza kama nami ninazo siku hizo, wakanijibu kwa upole kwamba mkataba wangu unafuata sheria ya Kenya. Nikaomba ziandikwe. Wakanipa tano. Ukiomba unaweza kupewa.

Fundi Mifumo

Mama Jiko, je, uliomba cheti cha ukamilishaji? Mitandao mingi ya kutilia saini hutengeneza karatasi ya mwisho inayoonyesha nani alifungua faili, saa ngapi, kutoka anwani gani ya IP, kurasa ngapi, na alama ya kidijitali ya faili lenyewe. Alama hiyo, ikiwa ni ya SHA-256, huandikwa kwa herufi na tarakimu 64. Ukibadilisha koma moja kwenye mkataba, alama yote inabadilika. Yaani huhitaji kubishana kumbukumbu na mtu. Unachukua faili lake na faili lako, unapiga hesabu, zinalingana au hazilingani.

Ndugu zangu, acheni tabia ya kuprinti mkataba uliotiwa saini mtandaoni, kuuskani saiba, na kuutupa ule wa asili. Karatasi uliyoskani ni picha. Ule muhuri wa ndani umekufa. Hifadhini faili lenyewe lilivyokuja, mahali pawili, na msilibadilishe jina mara tano mpaka msijue lipi ni lipi. Ukilifungua kwenye kisoma PDF kizuri, kitakuambia kama hati imeguswa baada ya saini.

Na kortini, Wakili atanisahihisha, rekodi ya kielektroniki huandamana na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: imetolewa kwenye kifaa gani, jinsi gani, na nani anayehusika na kifaa hicho. Picha za skrini za WhatsApp zilizoprintiwa bila hicho cheti, upande wa pili utazipinga.

Wakili Upper Hill

Hujakosea.

Kinyozi wa Umoja

Asanteni wote. Mama Jiko, ilikuwaje mwisho?

Mama Jiko Kasarani

Fundi, umegusa penyewe. Cheti ndicho kilichoniokoa, ingawa nilipokipata mara ya kwanza nilikaribia kukitupa. Wakili wangu aliandika barua mbili, na wiki ya tatu kampuni ikakileta. Kilisema nilifungua saa 17:10 na kumaliza 17:14. Nikapiga kelele kwamba si mimi, saa kumi na moja jioni nilikuwa sokoni Githurai na mfuko mabegani. Binti wa ofisini kwa wakili ndiye aliyenituliza: saa za cheti ni za UTC, yaani saa za kimataifa, na Nairobi tuko saa tatu mbele. Kumi na saba na dakika kumi ni saa mbili na dakika kumi usiku. Foleni ya Roysambu. Ni mimi.

Kisha akanionyesha mstari wa chini: kurasa 41. Ule wa kwao ulikuwa na 43, na alama ya kidijitali haikufanana kabisa. Tulipowawekea mezani ule wa 41 na tarehe ya ukurasa wa kaka, 28 Novemba, wakati faili la mwisho lilitengenezwa 12 Desemba, wakili wao aliomba dakika kumi atoke nje na wateja wake.

Hawakukiri hila, na mimi kwa kweli sijui kama ilikuwepo. Kijana aliyekuwa akikusanya kurasa alikuwa na maduka manne mwezi huo, na huenda alikuwa akiunganisha chochote kilichofika. Lakini makosa yake yangenikosesha duka.

Tulielewana Juni. Lile duka la Mwiki halikufungwa. Sikutaka lifungwe, kwa sababu aliyelichukua ni mama kama mimi, ameweka pesa zake, na hakuna aliyemwambia kwamba niko hapa. Mrabaha wangu ukapunguzwa kwa nusu kwa miezi 18, eneo langu likaandikwa upya kwa majina ya barabara badala ya kilomita, na dhamana ya kaka ikatengwa iwe hati yake peke yake, na kikomo cha kiasi, ambacho mwanzoni haikuwa nacho.

Mkataba mpya pia tuliutia saini kwa simu, kila mtu na nakala yake. Kaka hawezi kuja kutoka Doha kwa ajili ya kalamu. Ila safari hii tulipigiana simu ya video Ijumaa, siku yake ya mapumziko, tukasoma kurasa zote 46 kwa sauti, yeye kule mimi huku, na jedwali kwa jedwali. Ilituchukua saa mbili na nusu. Tukipata nafasi tupu tunaandika, tukimaliza tunawapigia. Kaka akarudisha dhamana yake kwa baruapepe yenye maneno aliyoandikiwa na wakili wangu. Sikulipa chochote mpaka nakala yenye saini zote nne ilipoingia kwenye baruapepe yangu, na wakili akailinganisha alama na ile tuliyotia saini.

Dada wa South B

Mama Jiko, naomba yale maneno ya baruapepe uliyomwandikisha kaka. Mdhamini wangu ni dadangu, yuko Muscat, na kiungo chake kimekuja leo asubuhi.

Mama Jiko Kasarani

Haya dada. Wakili wangu ndiye aliyeyaandika, amenikubalia kuyaweka hapa. Badilisha nambari zako:

"Nimeambatisha hati ya dhamana ya mwisho, faili moja lenye kurasa 7, pamoja na ukurasa wangu wa saini. Nimesoma kurasa zote. Saini yangu ni ya hati hii iliyoambatishwa na si ya rasimu yoyote iliyotangulia, na haiwezi kuunganishwa na hati nyingine bila idhini yangu ya maandishi. Saini yangu isihesabiwe kuwa imekabidhiwa mpaka nipokee nakala iliyotiwa saini na wahusika wote."

Mwambie aitume kwako, kwa wakili wako na kwa kampuni, wote watatu kwenye ujumbe mmoja. Na kama kiungo kimekuja leo asubuhi, usimruhusu akifungue akiwa kazini. Asubiri afike nyumbani, akae.